Mshenga wa Kwenye Dashibodi

Kifaa hiki kinanuka samaki. Kina ukubwa wa kitabu cha sala kilichonenepa, kioo chake kimeota ukungu pembeni, na nyuma yake zinaning'inia nyaya ambazo mtu fulani alizikata kwa kisu cha jikoni. Nilikikuta kabatini kwa Mama, kimeviringishwa kwenye kipande cha khanga, tulipokuwa tunapanga nguo za Baba baada ya msiba. Wenzangu walikuwa wanakunja mashati. Mimi nikafungua khanga, harufu ya migebuka mikavu ikanipanda puani, na kabla sijaelewa nimeshika nini nilikuwa nimeshakaa sakafuni, mwanamke wa makamo mwenye shahada mbili na goti moja bovu, nikicheka peke yangu katika nyumba ya matanga. Shangazi mmoja alinitazama akatikisa kichwa. Nadhani alikihesabu kicheko changu kuwa madhara ya kusoma sana.

Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Tulikuwa tumezoea kwamba gari ni la serikali, la misheni au la ushirika, na kwamba mtu binafsi mwenye gari ni mtu wa mbali. Halafu mambo yakafunguliwa, na vitu vikaanza kupanda kwenye uwanda wetu wa Ufipa kupitia Tunduma, juu ya malori yaliyojaa vumbi: sabuni za kunukia, redio za kaseti, mitumba, na baadaye magari yaliyotumika Ujapani. Baba alikuwa mtunza ghala la mahindi. Ghala lilipofungwa akaanza kununua mahindi vijijini na kuyauza mwenyewe, na watu wa Sumbawanga wakaendelea kumwita Bwana Ghala ingawa ghala lenyewe lilikuwa limebaki na popo tu. Alifanikiwa upesi. Mtu aliyefanikiwa upesi siku zile alikuwa na swali moja tu la kujiuliza: ajenge, au anunue gari?

Mama alikuwa na jibu la tatu. Alitaka mashine ya kusaga. Tulikaa Milanzi, na wanawake wa mtaa wetu walibeba mahindi na ulezi kichwani hadi upande wa pili wa mji, wakapanga foleni, wakarudi jioni wakiwa weupe kama watu waliofufuka. Mama alikuwa ameshachagua hata mahali pa kuiweka, pale palipokuwa na banda la kuku. Baba alisema sawa, mashine itafuata. Kwanza gari dogo la mizigo, kwa sababu gari ndilo litakaloileta mashine. Akamtumia fedha wakala wa Dar es Salaam, wakala akamtumia picha za magari achague. Baba akachagua. Picha ilikuwa imepigwa kwa mbele.

Ninalisisitiza hilo kwa sababu familia yetu imelijadili kwa miaka mingi. Kwa mbele, gari lile lilikuwa na taa, boneti, kioo na heshima zote za gari. Kilichokuwa hakionekani ni kwamba nyuma ya kioo hakukuwa na kitu: viti viwili, kishubaka ambacho mtoto angeweza kukunjwa ndani yake, basi. Lilikuwa gari la michezo. Jekundu, la milango miwili, na la chini kiasi kwamba Bibi, mama yake Baba, alipoliona mara ya kwanza aliuliza sehemu ya juu inakuja lini. Dereva aliyelileta alishuka akiwa amepinda, akatembea hivyo hivyo hadi stendi. Vijana wa mtaa wakalizunguka, na kabla jua halijazama lilikuwa limeshapata jina: Kandambili.

"Mambo, Kandambili!" walipiga kelele kila Baba alipopita.

"Poa," alijibu Baba kwa uchungu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu.

Mama hakupiga kelele. Alilizunguka mara moja, akainama, akaingiza mkono chini ya tumbo la gari, akapima nafasi iliyopo kwa kiganja.

"Baba Dafroza," alisema, "hili halibebi hata gunia moja la ulezi."

"Ni la kuanzia."

"Na kwetu halifiki."

Kwao Mama ni Kirando, chini kabisa kwenye Ziwa Tanganyika, ambako barabara inatoka uwandani na kuteremka kwa mawe na makorongo hadi ufukweni kunakoanikwa dagaa.

"Litafika," alisema Baba.

"Basi siku litakapofika utanikuta huko."

Wiki ile ile alipanda lori la wachuuzi wa dagaa, akaaga kwamba anakwenda kumsalimia baba yake. Salamu hiyo ilianza mvua zikiwa bado zinanyesha. Ulezi ukakomaa, ukavunwa, upepo wa kipupwe ukaanza kutuchapa masikio, na Mama alikuwa bado anasalimia. Baba aliwaambia watu wote neno hilo hilo, "amekwenda kusalimia," nao wakamjibu "aa, vizuri," kwa ile sauti ya watu wanaojua.

Kwetu mwanamume ambaye mkewe amerudi kwao hamfuati hivi hivi tu. Anatafuta mshenga, mtu mzima wa kumsemea, kwa sababu mbele ya wakwe mume hana mdomo. Yeye anachuchumaa na kupiga makofi ya salamu taratibu, viganja vimekunjwa, na mshenga ndiye anayeongea. Utaratibu mzuri, ila una shida moja. Ili umtume mshenga, lazima kwanza umwambie mtu mmoja, kwa mdomo wako, kwamba mkeo ameondoka. Hapo ndipo Baba alipokwama.

Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, na nilikuwa na maelezo yangu mwenyewe, ambayo mpaka leo nayaona yalikuwa na mantiki: Baba hamfuati Mama kwa sababu hajui njia. Gari lipo. Mama yuko Kirando. Na kila asubuhi Baba analifuta gari vumbi, anasimama kando yake, anaitazama barabara ya Namanyere, ile ya kwenda huko, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni, kisha anarudi ndani. Mtu anayejua njia angefanya hivyo?

Sasa, Kandambili lilikuja na pengo. Mahali fulani kati ya meli na kwetu mtu alikuwa ameng'oa redio yake, likabaki tundu la mraba katikati ya dashibodi, nyaya zikichungulia kama utumbo wa kuku. Baba aliyavumilia mengine yote ya gari lile, lakini si tundu. Kila aliyepewa lifti alilitazama tundu kwanza, halafu akamtazama Baba. Ndipo akamwita Fundi Sikazwe, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio na kuchaji betri hapo hapo Milanzi, na mdomo ambao haukuwahi kuharibika. Fundi alikwenda Tunduma kutafuta kitu cha kuziba, akarudi na gunia, akaliweka uani kwetu.

"Shikamoo, Bwana Ghala. Nimekuletea wachumba watatu. Chagua mwenyewe, usije ukanilaumu."

Wa kwanza alikuwa redio ya kaseti. Baba aliipachika, ikaacha ufa mpana upande wa kulia. "Bado linacheka," alisema, akaitoa. Wa pili alikuwa dira, kijimpira kinachoelea ndani ya maji, cha kubandika kwa gundi.

"Huyu anakuonyesha kaskazini," alisema Fundi.

"Kaskazini naijua tangu nizaliwe. Na tundu je?"

"Tundu hamalizi, huyu ni wa kukaa juu. Sasa subiri umwone binti wa watu." Akatoa kioo, kipana, cheusi, kinang'aa. "Huyu anaonyesha njia. Wewe unaendesha, yeye anakuambia kata kulia, kata kushoto, umepita rudi."

"Njia za huku anazijua?"

Fundi akakohoa. "Anajua njia, mzee. Njia ni njia."

Baba akakipachika kioo kwenye tundu. Kililijaza lote, juu na chini, kana kwamba tundu lilikatwa kwa ajili yake, na hapo uchaguzi ukaisha. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, niliwasikiliza wachumi wakitueleza kwa michoro na mishale jinsi mlaji anavyochagua bidhaa. Hakuna aliyetaja tundu.

Kukifunga kulichukua sehemu kubwa ya wiki, kwa sababu Fundi alifanya kwanza, akafikiri baadaye. Alilala chali, kichwa chini ya usukani, miguu ikitoka mlangoni, akiniagiza: "Bisibisi! Ndogo! Si hiyo, mama, hiyo ni ya kukoroga ugali!" Chuma cha kuchomea risasi alikipasha kwenye jiko la mkaa la Bibi, Bibi akalalamika kwamba maharage yatanuka bati. Fyuzi ikaungua, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kidude cha kunasa mawasiliano ya angani, kinachofanana na kipande cha sabuni, alikigandisha juu ya paa na kupitisha waya wake dirishani, na kuanzia siku hiyo dirisha la abiria halikufunga tena mpaka mwisho. Kioo kilipokuwa kinachezacheza ndani ya tundu, akavua kandambili yake ya mguu wa kushoto, akakata ukanda wa mpira, akaushindilia pembeni kikatulia. "Kandambili ndani ya Kandambili," alisema kwa fahari, akarudi kwake akichechemea.

Siku ya kukiwasha Bibi alikuwa mkekani akipepeta ulezi. Baba akazungusha ufunguo. Kengele ndogo ikalia, kisha sauti ya mwanamke ikasema sentensi moja ndefu, laini, ya upole wa kupita kiasi, kwa Kijapani. Bibi peke yake ndiye aliyejua la kufanya. Aliweka ungo chini, akainuka, akakunja magoti, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, akaitikia kwa Kifipa salamu nzima: ya nyumba, ya watoto, ya mashamba.

"Mama, hiyo ni mashine," alisema Baba.

"Mgeni amesalimu," alijibu Bibi. "Tena ana adabu. Wewe tangu umeamka umenisalimu?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Uwe unajifunza kwake."

Na kioo kikawa cha buluu. Buluu tupu, kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati mshale mdogo mwekundu.

"Mbona hivi?" aliuliza Baba.

"Anatafuta."

"Anatafuta nini?"

"Anatutafuta sisi, mzee," alisema Fundi. "Tuko mbali."

Hakutupata. Leo najua kwamba ramani iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya nchi nyingine, na kwamba mahali popote asipopajua alipapaka rangi ya bahari. Wakati ule hakuna aliyejua, na kila mtu alisubiri. Isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa na ramani moja tu kichwani, ile ya ukutani darasani kwetu, ambamo uwanda wetu ulikuwa wa kahawia na kando yake palikuwa na kipande kirefu cha buluu. Na nilikuwa nimeliona ziwa lenyewe mara moja, nimepakatwa na Mama ndani ya lori: ardhi inakwisha ghafla, na kule chini buluu imetandazwa kama kitambaa. Hakukuwa na buluu nyingine maishani mwangu. Kwa hiyo nilijua mara moja. Kioo kilikuwa kimempata Mama. Kilikuwa kinaonyesha alipo, mchana kutwa, na mshale umesimama juu ya maji ya Kirando, na watu wazima wanaulizana kinatafuta nini.

Sikusema. Mtoto hakuwasahihisha watu wazima, na nilidhani Baba atagundua mwenyewe. Alikuwa mtu wa mahesabu. Lakini alizunguka nacho mjini tu, sokoni na kurudi, akijibu utani wa watu. Jumamosi moja aliegesha mbele ya kibanda cha Fundi, wanaume waliokuwa hapo wakaja kuchungulia dirishani.

"Bwana Ghala, leo umefika wapi?"

"Wapi! Si unaona bado yuko baharini!"

"Huyu mke mpya anaongea vizuri, tatizo hapiki."

"Basi amuulize yule wa zamani yuko wapi, labda yeye anajua."

Kicheko kikaanza, kikakatika katikati. Aliyesema akaanza kutafuta kitu mfukoni. Baba alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama, na kutoka kwenye kishubaka cha nyuma niliona masikio yake yakibadilika rangi. Nikaona siwezi kusubiri tena.

"Baba, si anakuonyesha?" nilisema. "Hapo ni ziwani. Hapo ni kwa Mama. Mshale umeshafika, sisi ndio bado."

Fundi, aliyekuwa ameegemea mlango, akakitazama kioo, akanitazama mimi. "Mtoto kasoma ramani," alisema polepole. Kwa mdomo wake, hayo yalikuwa maneno machache sana.

Baba akazima ufunguo. Asubuhi iliyofuata aliniambia nivae sweta, tunakwenda kutembea. Bibi alisimama mlangoni amejifunga shuka.

"Unakwenda kwa wakwe bila mtu wa kukusemea?"

"Nakwenda kutembea tu, Mama."

Akawasha ufunguo, sauti ikasalimu, Bibi akapiga makofi yake akaitikia. "Haya," alisema. "Angalau unakwenda na huyu anayejua kusalimu."

Uwandani tulikwenda vizuri. Pale juu hakuna msitu wa kukuzuia kuona. Vilima vimelala kimoja nyuma ya kingine kama ng'ombe waliopumzika, na majani makavu yalikuwa yanainama kwa upepo. Baba hakukitazama kioo hata mara moja. Hilo nililiona lakini sikulielewa: kila kona aliijua kabla haijafika, alijua daraja lipi lina ubao uliooza, alijua mahali pa kuchepuka. Nilidhani sauti ilikuwa inamnong'oneza.

Tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani, malori yalikuwa yamechimba barabara mifereji miwili, na katikati limebaki tuta. Lori linapita, tuta likiwa kati ya magurudumu yake. Kandambili lilipanda juu ya tuta, likakaa, kama kuku juu ya mayai. Kitu kikapasuka chini. Baba alitoka, akapiga magoti, akarudi na mkono mweusi wa oili. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, ndipo akatokea mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huko na familia yake, jina lake Masanja, akiswaga maksai wake. Alisimama, akatutazama, akalitazama gari.

"Samahani, baba," alisema. "Hili ni gari au ni beseni?"

"Ni gari."

Masanja akachungulia chini. "Oili yote imekwisha. Ukiliwasha injini inakufa." Akaanza kufungua mnyororo uliokuwa shingoni mwa maksai. "Hawa wamevuta jembe, wamevuta magogo. Fahari hawajavuta bado. Unakwenda wapi?"

"Kirando."

"Kwa nani?"

Baba alitazama mnyororo. "Kwa wakwe."

"Aisee," alisema Masanja, na hakutania tena. "Basi nitawaambia watembee kwa adabu."

Usukani wa gari lile ulijifunga ukichomoa ufunguo, kwa hiyo Baba aliuacha umewashwa, injini kimya, kioo cha buluu kikiwaka. Hivyo ndivyo tulivyoingia Kirando: maksai wawili mbele, gari jekundu la michezo nyuma, Baba ameshika usukani kwa heshima zote, na watoto wa kijiji kizima pembeni. Uani kwa Babu, baba yake Mama, dagaa walikuwa wameanikwa kwenye nyavu, na nyuma ya nyumba, kati ya mitumbwi, ziwa lilikuwa pale. Buluu ile ile. Nilikitazama kioo, nikalitazama ziwa, nikaridhika kabisa.

Baba akatoka, akachuchumaa mbali kidogo na mlango, akapiga makofi. Babu alikuja na kigoda, akakaa, akaitikia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu, na nilijua kwa moshi kwamba kuna mtu ndani ambaye ameacha kuchochea moto.

"Karibu," alisema Babu. "Umekuja na nani wa kukusemea?"

Baba akapiga makofi tena. Masanja akageuka akaanza kukagua kwato za maksai wake, kwa ustaarabu. Mimi nilikuwa bado ndani ya gari, na sikuona kwa nini watu wazima wanapata shida. Tulikuwa na wa kutusemea. Bibi mwenyewe alikuwa amesema. Nikajipenyeza katikati ya viti, nikaurudisha ufunguo nyuma, nikausukuma mbele kama nilivyomwona Baba akifanya. Kengele ikalia. Sauti ikasema sentensi yake yote, mpaka mwisho.

Babu hakushtuka. Alisubiri imalize, akapiga makofi mara chache, kwa sababu salamu ni salamu. "Huyo mshenga wako," alimwambia Baba, "kasemaje?"

"Anasema..." Baba akaligeukia gari. "Anasema hamjambo hapa."

"Maneno marefu vile ni hamjambo tu?"

"Anasema pia gari limefika."

"Limefika?" Sauti ilitoka jikoni, na ilikuwa ya Mama. "Hebu muulizeni, limefika kwa nguvu za nani."

Masanja akakohoa.

"Za ng'ombe," alisema Baba. "Anasema kwa nguvu za ng'ombe."

"Sikusikia vizuri," alisema Mama kutoka jikoni. "Mwambieni arudie."

Babu akanigeukia, uso wake mkavu kama wa hakimu. "Mjukuu, mwambie mshenga arudie."

Nikarudisha ufunguo, nikausukuma. Kengele, sauti, sentensi ile ile. Baba alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo:

"Anasema aliyelinunua aliangalia picha ya mbele tu. Anasema aliambiwa habari ya mashine ya kusaga, akasikia, akajifanya hakusikia. Anasema njia ya huku anaijua tangu alipokuwa anakuja kwa baiskeli kuposa, kila jiwe analijua, na hakuja kwa sababu alikuwa hajui aseme nini akifika. Anasema nyumba imekuwa baridi."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Mama alikuwa na unga mikononi, amekonda kidogo, au labda nilikuwa nimerefuka. Alimtazama Baba aliyechuchumaa na mkono mweusi wa oili, akawatazama maksai, akanitazama mimi na pengo langu la meno. Midomo yake ilikuwa inapigana na kitu.

"Huyo dada anasema vizuri," alisema. "Ila mimi kwenye Kandambili sipandi."

Akashindwa kujizuia, akacheka, na nilitoka mle ndani kwa kupitia dirisha lile lisilofunga.

Babu alisema mshenga hawezi kuondoka mikono mitupu. Akafunga migebuka mikavu kwenye majani, fungu zuri, akaliweka mwenyewe juu ya dashibodi mbele ya kioo. Jua la ziwani likayeyusha mafuta yake, yakachuruzika ndani ya kifaa kupitia mwanya wa mbele, na kazi hiyo hakuna sabuni iliyowahi kuitengua. Tulirudi Sumbawanga kwa lori la dagaa: Mama na mimi mbele na dereva, na nyuma, juu ya magunia, Kandambili limefungwa kamba, Baba amekaa ndani yake, kwa sababu alisema mtu lazima alishike. Kufikia mvua zilizofuata lilikuwa limebadilishwa kwa mashine ya kusaga, likachukuliwa na kijana wa Tunduma ambaye alilikagua kwanza pande zote. Usiku wa kuamkia makabidhiano Mama alichukua kisu cha jikoni, akamtoa dada yule. Tundu likaenda na gari.

Mashine ile ndiyo iliyonisomesha. Chuoni kulikuwa na kijana Mjapani aliyekuja kutafiti kilimo, na mimi sentensi ile ninayo kichwani mpaka leo, neno kwa neno, na kengele yake. Siku moja kwenye foleni ya chakula nilimkaribia nimuulize maana yake. Nikafungua mdomo, nikajikuta ninamuuliza kwao wanapikaje wali. Alinieleza kwa kirefu sana.

Mama alinikuta pale sakafuni, kati ya nguo za Baba, na kifaa mapajani. Alijishusha taratibu kwenye ukingo wa kitanda, upande wa Baba.

"Bado kinanuka," alisema.

"Mama, siku ile ulijua kwamba Baba anatunga?"

Alikichukua, akakifuta kioo kwa pindo la khanga, ingawa hakuna kitakachoonekana humo tena.

"Yule dada alisema maneno yale yale mara zote mbili," alisema. "Ya baba yako ndiyo yalibadilika."

Akakiviringisha, akakirudisha kabatini, kwenye rafu ambako tulikuwa tumetoka kuondoa mashati.